Violezo vya Tsonka na Bilyana

Varna, 11 Januari 2012

Mama Tsonka mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kuona kifurushi, hakuna aliyekufa. Ndani mna karatasi, mita moja na nusu ya turubai ya bluu, bitana na zipu. Nimeamua jambo, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Unajua nimeshona mikoba kwa miaka minne na kuiuzia maduka ya ufukweni. Kila kiangazi wanakuja wanawake wanaigeuza ndani nje, wanachungulia mshono, halafu wananiuliza, "Dada, hii umeikataje?" Hawataki mkoba wangu. Wanataka kujua namna. Basi nimewaza: kwa nini nisiwauzie violezo? Karatasi yenye vipande vyote vimechorwa kwa ukubwa wake halisi, maelezo hatua kwa hatua, ndani ya bahasha yenye picha. Anayenunua anakata na kushona mwenyewe nyumbani kwake. Sitaki kuwa chini ya jarida la mitindo wala kampuni ya mtu. Michoro yangu, bahasha zangu, jina langu.

Tatizo ni kwamba mimi nimejifunza kwa kufumua mikoba ya watu. Wewe umekata violezo kiwandani miaka thelathini na mmoja. Naomba unishonee huu wa kwanza kwa kufuata maelezo yangu tu, kana kwamba hujawahi kushika sindano. Kisha uniambie ukweli bila kunionea huruma.

Ningepiga simu, ila najua simu na masikio yako haviivani tena. Mwanao Lachezar anakusalimu. Huko karakana ya meli wamembana na zamu, hata kukaa kuandika hapati nafasi.

Mkwe wako,
Bilyana


Gabrovo, 24 Januari 2012

Bilyana mwanangu,

Marahaba. Ulisema nijifanye sijawahi kushika sindano, nikajifanya. Mkoba umetoka kama kofia ya mlevi. Nimekurudishia uuone, ila usiuonyeshe watu.

Nafasi ya mshono: kwenye maelezo umeandika sentimita moja, kwenye karatasi umechora moja na nusu. Mtu akufuate wapi? Zipu lazima iingie kabla ya bitana, wewe umeniambia nianze na bitana. Nimeshona, nimefumua, nimetukana, nimeshona tena. Na hatua ya tisa umeandika, "Malizia kama kawaida." Kawaida ya nani, mwanangu? Mke wa mwokaji ana kawaida yake na mimi nina yangu. Kiwandani msichana akiniletea maneno kama hayo nilimsindikiza na karatasi yake mpaka mlangoni.

Donka jirani alikuwa amekaa hapa nikishona. Ananipigia kelele sikioni, "Unamshonea nani?"

"Mkwe wangu."

"Yule wa Varna? Mkwe gani anampa mama mkwe kazi badala ya kumpikia?"

"Na wako anakupikia nini, Donka?"

Akaendelea kula biskuti zangu.

Sasa nisikilize vizuri. Huo ubavu wa mkoba, ulivyopinda mpaka chini bila kuunganishwa kipande, sijawahi kuuona popote. Nimekaa nao mezani asubuhi nzima nikiugeuza, kahawa imepoa. Karatasi yako mbovu, kichwa chako kizima. Rekebisha, ulete tena.

Lachezar alikuja Krismasi kama unavyojua. Alikula maharage yangu sahani mbili. Mwambie avae kofia kazini, upepo wa bahari haumwogopi mtu.

Mama yako,
Tsonka


Varna, 12 Februari 2012

Mama mpendwa,

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikafuta hatua ya tisa. Nimeichora upya karatasi nzima. Kila kipande sasa kina alama za kukutanishia, na zipu imetangulia. Pamoja nayo nimeweka kiolezo cha pili, pochi ndogo ya kufungwa kiunoni. Naogopa kona zake.

Usiku na mchana ninawaza jina la kuweka kwenye bahasha, na ninarudi pale pale: Tsonka na Bilyana. Usikatae kabla hujafika mwisho wa barua. Bila wewe ningewauzia watu kofia za walevi.

Lachezar mpaka leo anayasifu maharage yako. Juzi ameniambia mezani kwamba hata nikiishi miaka mia sitayapika kama wewe. Kofia anavaa.

Nimetia humo uzi mwekundu na mweupe wa Machi, uufunge mkononi uwe na afya.

Bilyana wako


Sofia, 2 Machi 2012

Mama,

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia unachotaka kusikia. Donka kamwambia binti yake, binti yake kamwambia Gergana, kwamba mnaandikiana na Bilyana na unamshonea mikoba yake.

Mama, mimi na Bilyana tumeachana. Nilitoka Varna mwezi wa kumi, talaka imetoka Disemba. Haya nilikueleza kwa mdomo wangu Krismasi, tena nilirudia kwa sauti mpaka majirani wakasikia, na Gergana alikuwa amekaa mbele yako na mimba yake changa. Mtoto anakuja mwishoni mwa Juni, Mungu akijalia. Ni mjukuu wako.

Gergana ananiuliza, "Mama yako yuko upande gani?"

Sisemi Bilyana ni mbaya. Hajanikosea kitu. Lakini mara tatu tulipata mimba na mara tatu ikaharibika, na kila mara nyumba ilizidi kuwa kimya, mimi nikashindwa. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Naomba uache kumwandikia. Kwa ajili ya mtoto.

Lachezar


Gabrovo, 8 Machi 2012

Lachezar,

Nimesikia Krismasi, na nimesoma sasa. Mimi ni kiziwi, si mjinga.

Wewe unafikiri ninamwandikia Bilyana kwa sababu sijaelewa. Ninamwandikia kwa sababu nimeelewa. Yeye hajui kwamba mimi najua. Kila barua ananiletea salamu zako. Nilimwandikia kwamba ulikula maharage yangu sahani mbili, akanijibu kwamba mpaka leo unayasifu. Wewe hukugusa kijiko, uliondoka na koti mgongoni. Tunadanganyana kuhusu maharage, mwanangu, wanawake wawili wazima, kila mmoja akimlinda mwenzake asiumie, na aliyetuumiza ni wewe.

Ile mara ya tatu, wewe ulikuwa kwenye meli ya Odessa. Mimi ndiye niliyekaa naye hospitalini. Alinishika mkono siku mbili, hakusema neno ila moja: "Mama, nisamehe." Aniombe msamaha mimi! Mtu wa namna hiyo nimfungie mlango?

Mjukuu wangu nitampenda. Gergana sina ugomvi naye, mwambie ale, alikuwa mwembamba sana. Ila kuhusu barua zangu usinipangie.

Mama yako


Gabrovo, 15 Machi 2012

Bilyana mwanangu,

Mkoba wa kwanza sasa ni mkoba. Nimeufuata neno kwa neno, sikufumua hata mshono mmoja. Donka kaubeba sokoni akaulizwa na watu wawili kaununua wapi, akawaambia ni siri. Kwa hiyo una wateja Gabrovo, tena wa bure, maana sisi watu wa Gabrovo tunasifika kwa ubahili.

Pochi ya kiunoni ni habari nyingine. Kona zimenishinda mara mbili. Usimwambie mtu "geuza kwa upole." Mwambie apunguze kitambaa kwenye kona kwa mkasi mpaka karibu na uzi, lakini asiuguse uzi. Watu hawaogopi maneno mengi, wanaogopa maneno yasiyosema kitu.

Jina langu kwenye bahasha la nini? Mimi nimestaafu. Ila usilifute bado, acha nilifikirie.

Pasaka njooni. Kama Lachezar ana zamu, basi njoo mwenyewe. Nasema kweli: njoo mwenyewe tu. Nitapaka mayai rangi, tutakata na violezo vingine.

Mama Tsonka


Varna, 20 Aprili 2012

Mama,

Sikuja Pasaka. Nilikata tiketi, nikafika mpaka kituoni na keki imefungwa, nikaona siwezi kuingia nyumbani kwako nikakaa mezani na uongo.

Lachezar ameniacha. Si jana wala juzi. Ni mwezi wa kumi mwaka jana. Alikunja nguo zake vizuri kwenye sanduku, akakarabati bomba la jikoni lililokuwa linavuja, akaondoka. Talaka tulisaini kama watu wanaopokea kifurushi posta. Yuko Sofia. Najua kuna mwanamke, jina lake sikuuliza.

Salamu zote nilizokuletea nilizitunga. Zamu, kofia, maharage, vyote mimi. Mwanzoni nilisema nitakuambia baada ya mwaka mpya, kisha baada ya Machi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mume akiondoka, mama mkwe anakuwa nani? Hakuna karatasi inayosema bado wewe ni wangu. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa na miaka kumi na tisa, na nilipokuwa bibi harusi ulinifunga shela ukaniambia, "Haya, sasa una mtu wa kukugombeza." Nilikupenda siku ile kuliko nilivyompenda Lachezar.

Sasa umejua. Kama hutaki kuendelea, nirudishie karatasi tu, sitakulaumu.

Nina mambo mengine, nayaandika upesi kabla sijakosa ujasiri. Violezo vitano viko tayari kwenda kwa mpiga chapa. Tarehe ishirini na mbili Septemba kuna maonyesho ya kazi za mikono Plovdiv, nimepata meza. Ninataka kuanzia hapo rasmi. Na ninataka uwe umekaa pembeni yangu.

Bilyana


Gabrovo, 29 Aprili 2012

Mwanangu,

Nilijua. Tangu Krismasi. Alikuja kunieleza. Maharage hakula.

Kwa hiyo usijione wewe tu ndiye mwongo, mimi nimekutangulia. Kila ulipoandika "Lachezar anakusalimu" niliweka barua chini nikaenda kusimama dirishani, kisha nikarudi kukata turubai yako. Nilisema moyoni, akiwa tayari atasema. Nikaogopa nikikuambia najua, utaona aibu, utaacha kuandika.

Umeniuliza mama mkwe anakuwa nani. Mimi sijui, sikusomea sheria. Ninajua kwamba Jumanne nikimwona mtu wa posta naingiza mguu kwenye kiatu kabla hajafika getini. Basi hivyo ndivyo nilivyo.

Jina liweke. Tsonka na Bilyana. Herufi zisiwe kubwa mno, watu wa Gabrovo watasema nimejipandisha cheo.

Plovdiv nitakuja. Nitavaa gauni la kijani na nitakaa kitini nikiwatazama watu vibaya mpaka wanunue.

Na sasa tusifichane tena. Mimi sina kingine ninachokuficha.

Mama yako,
Tsonka


Gabrovo, 18 Septemba 2012

Bilyana mwanangu,

Barua hii ni ngumu, nimeichana mara mbili. Donka anaipeleka posta leo Jumanne, natumaini itakufikia kabla hujaondoka kwenda Plovdiv.

Sitakuja. Tiketi uliyonitumia iko kwenye bahasha hii.

Nilikuandikia mwezi wa nne kwamba sina kingine ninachokuficha. Siku ile ile nilikuwa nakuficha. Yule mwanamke, anaitwa Gergana, alikuwa mjamzito. Tarehe ishirini na nane Juni amezaa mtoto wa kike. Wamemwita Tsvetelina, wamechukua herufi yangu ya kwanza tu, kama watu wanavyofanya siku hizi. Miezi yote hii tukiandikiana juu ya mikanda na vifungo, nilikuwa nalijua hilo. Kalamu ilikuwa inakataa. Ningekuandikiaje wewe, wewe kati ya watu wote, "nina mjukuu"?

Gergana alipata shida baada ya kuzaa. Amefanyiwa upasuaji mara mbili, bado yuko hospitalini, na akitoka hataruhusiwa kunyanyua kitu kwa muda mrefu. Mama yake hayupo. Lachezar alikuja Jumapili na mtoto mikononi. Alisimama mlangoni kwangu, mwanamume wa miaka thelathini na minane, shati limetapikiwa, akaniambia, "Mama, sijui kumnyamazisha." Nikampokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Akanyamaza.

Kesho kutwa ninahamia Sofia kwao. Nyumba hii naifunga.

Lachezar ameniomba jambo moja. Hakuamuru, ameniomba akiwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni. Amesema Gergana hana nguvu ya kuona jina lako linaingia nyumbani kwake kila wiki, na hali yake hiyo. Amesema, "Niruhusu nimwambie kwamba imekwisha." Mwezi wa tatu nilimfokea. Safari hii mtoto alikuwa amelala begani mwangu, na nikamwambia ndiyo.

Nimekuchagulia wewe maumivu, nimejichagulia mimi mtoto. Sitalipamba. Nina miaka sabini na mmoja, nimemsubiri mtoto huyo miaka kumi, na wewe unajua tulimsubiri wote wawili.

Usinijibu. Ukinijibu nitarudi, na nikirudi nitakuwa nimemwacha yeye.

Kiolezo cha tano hakina kosa. Nimekishona mwanzo mpaka mwisho, sina la kukuongezea.

Tsonka


Plovdiv, 22 Septemba 2012

Mama yangu,

Uko wapi? Ninaandika kwa haraka kwenye kikaratasi cha maelezo, upande usiochapwa, maonyesho yamefungwa sasa hivi na mhudumu anafagia miguuni mwangu. Nakuandikia Gabrovo, labda mafua yamekushika, au umekosa basi. Nilikusubiri kituoni mabasi matatu. Kwenye lile la saa nne alishuka mama mwenye gauni la kijani, nikamkimbilia mgeni wa watu nikamkumbatia!

Mama, zimekwisha. Bahasha zote za mkoba wa bluu zimekwisha kabla ya saa nane mchana. Mwalimu mmoja wa Asenovgrad amechukua violezo vyote vitano kwa ajili ya wanafunzi wake. Alisoma maelezo palepale akiwa amesimama, akaniuliza, "Nani ameandika haya? Ni kama mtu amekaa pembeni yangu ananigombeza."

Nikamwambia, "Ndiye huyo Tsonka."

"Ni mshirika wako?"

"Ni mama mkwe wangu."

Akacheka. "Mimi wangu tukikutana barabarani anavuka upande wa pili. Una bahati, dada."

Kiti chako nilikiweka kulia kwangu na sikuruhusu mtu akae, hata yule bibi muuza lesi wa meza ya jirani aliyekuwa anaumwa mguu. Mwishoni nilimruhusu, usinikasirikie. Kila aliyeuliza nilimwambia uko njiani.

Kesho nitarudi Varna. Ukipona, niandikie mistari miwili tu, nijue uko salama. Nina wazo la kiolezo cha sita.

Binti yako,
Bilyana


Sofia, 3 Aprili 2014

Kwa wauzaji wa violezo, Varna

Waheshimiwa,

Nimeona bahasha zenu kwenye duka la vifaa vya ushonaji karibu na soko la wanawake. Naomba kuuliza kama mna kiolezo cha mkoba mdogo wa mtoto, wa kubebwa begani. Mtoto ni wa kike, ana mwaka mmoja na miezi tisa. Anapenda kubeba vitu: mawe, vijiko, soksi za baba yake. Mikoba ya dukani ni mikubwa, anaiburuza chini.

Kama mnacho, naomba mkitume kwa jina langu posta kuu, dirisha la barua za kuchukuliwa. Si nyumbani, tafadhali.

Naona kwenye bahasha majina bado ni mawili. Nilisimama dukani muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Wasalaam,
mteja wenu,
T. Beeva


Varna, 17 Aprili 2014

Mama Tsonka,

Nilianza kukujibu kama mteja. Niliandika "Ndugu mteja wetu, asante kwa kuulizia." Nikaona siwezi. Mwandiko wako naujua hata kwenye giza.

Barua yako ya Septemba ile nilikuwa bado sijaipata nilipoondoka kwenda Plovdiv. Niliikuta niliporudi, nikaisoma kwenye ngazi za jengo, mabegi yakiwa miguuni, na kile kikaratasi changu cha furaha kilikuwa tayari posta kinaelekea nyumba uliyoifunga. Sijui kama kiliwahi kukufikia. Ulisema nisijibu, sikujibu. Ninakuomba uhesabu hilo kama utii, kwa sababu lilinigharimu kuliko talaka.

Nikuambie kilichoniumiza, maana sitapata nafasi nyingine. Si mtoto. Ungeniambia mwezi wa nne ningelia, ningekushonea nguo zake za kwanza. Kilichoniumiza ni ile "sina kingine ninachokuficha." Niliibeba barua hiyo kwenye pochi miezi mitano kama kitambulisho. Wakati Lachezar ananiacha nilijua ninaachwa. Wewe uliniacha nikiwa nimekushikia kiti.

Lakini pia nimewaza jingine, mara nyingi. Kama mtoto yule angekuwa wangu na mtu amwache akilia mlangoni, ningetaka mwanamke wa aina gani ampokee? Ningekutaka wewe. Kwa hiyo nashindwa kukuchukia, na hiyo ndiyo taabu yangu.

Sasa tuna violezo kumi na kimoja. Ninasema "tuna" kwa mazoea. Mwaka jana niliajiri mtu wa kushona majaribio, fundi mzuri, mpole, ananiandikia kila mara, "Iko sawa kabisa." Ninakaa usiku nikitafuta makosa mwenyewe. Mpiga chapa aliniuliza kama abadilishe jina, kwa kuwa herufi zinajaa mno. Nikamwambia aache.

Kiolezo cha mkoba wa mtoto hatukuwa nacho. Nimekichora. Kimenichukua siku kumi na moja, kwa sababu sijawahi kumpima mtoto kitu chochote. Nilimwazima mtoto wa jirani wa ghorofa ya pili. Nilimzungushia futi begani akaniambia, "Baridi!" na mama yake akacheka, na mimi nikakimbilia jikoni nikijifanya nina kitu motoni.

Kimkoba chenyewe nimekikata na kukishona pia, usipate shida. Turubai ni ya njano, bitana ina ndege wadogo. Hakina zipu ili asibanwe vidole, kinafungwa kwa kifungo kikubwa cha mbao. Chini nimekaza mara mbili kwa ajili ya mawe. Ukitaka kushona kingine, karatasi zote zimo.

Mwambie mama yake umekinunua dukani. Itakuwa rahisi kwenu nyote.

Na sasa ombi langu, kama wewe ulivyokuwa na lako. Usiagize tena. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikishuka ngazi kumsubiri mtu wa posta kama kichaa, na mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimejifunza kutoshuka. Siandiki kwa hasira. Nimechoka tu kukupoteza mara mbilimbili.

Mkanda ni mfupi, usimzonge akilala nao. Lakini ndani ya pindo nimekunja ziada, sentimita ishirini na mbili kila upande. Akikua, fumua pale nilipoweka uzi mwekundu, uvute, ushone tena. Utamtosha mpaka aanze shule.

Bilyana